Wageni wa Mkurugenzi

Wifi yangu ana kichwa kigumu, na hilo nililisema tangu siku kaka yangu alipomleta nyumbani. Nilimwambia, kaka, huyu mwanamke hacheki ovyo na akishika neno haliachi, utakiona cha mtema kuni. Kaka akacheka. Yeye ni fundi wa mafriji, mtu wa kucheka na kuacha milango wazi, na nadhani alitaka mtu wa kumfungia. Basi wakaoana, na mimi nikabaki na kazi ya mawifi wote duniani, kutafuta kasoro.

Kazi nyingine ninayo pia, ya mshahara. Napiga deki kwenye jengo la kampuni moja ya bima, jengo la vioo vitupu kuanzia chini hadi juu, na kioo, kama hujui, hakisahau alama ya kidole. Nafasi ya mapokezi ilipotokea pale, mimi ndiye niliyempasha wifi habari. Nilisema moyoni, akiwa pale nitamwona kila siku, na kasoro nitazipata bila kulipa nauli. Wakamchukua. Wakamweka kwenye ile meza ndefu mbele ya mlango, pembeni ya kigeti cha kioo kinachofunguliwa kwa kitufe kilichofichwa chini ya meza.

Sasa, mkurugenzi wetu alikuwa na amri yake. Zamani kidogo mgeni mmoja alitoka na kompyuta za watu kwenye begi, tena mlinzi akamuaga kwa heshima zote na kumfungulia mlango. Tangu hapo ikawa sheria: kila mgeni avikwe beji nyekundu yenye jina la mwenyeji wake, yaani mtu aliyekuja kumwona, na asitoke mpaka mwenyeji huyo ashuke aitie saini. Si katibu wake, si dereva wake. Mwenyewe. Wengine walilegeza. Wifi yangu hakulegeza. Aliwahi kumkalisha baba mkwe wa mkurugenzi kwenye sofa mpaka mzee wa watu akaanza kusinzia, na mkurugenzi aliposhuka hakukasirika. Alimsifu mbele ya wafanyakazi wote, akasema huyu ndiye mfano wa kuigwa. Kuanzia siku hiyo jengo zima likamwita Bi Beji.

Kitu ambacho jengo zima halikukijua ni kwao. Wifi anatoka kule juu, kwenye misitu, kwa wale wenyeji wa asili waliokuwepo kabla ya mtu yeyote kuja na ramani. Wanafuga mbuzi, wanatundika mizinga ya nyuki, wanateka maji kwenye chemchemi moja ambayo haijawahi kukauka. Baba yake kazikwa karibu na chemchemi hiyo. Mama yake yuko hai, na bado anaishi palepale. Kazini hakuna aliyewahi kumuuliza kwao ni wapi, naye si mtu wa kujieleza bila kuulizwa. Ndipo likaja hilo bomba.

Bomba la mafuta, lilitakiwa lipite kule, katikati ya chemchemi na kaburi. Mwanzoni sikuona linahusiana nini na sisi wa kupiga deki mjini. Nilikuja kuelezwa na binti mmoja wa mabango, maana vijana walianza kusimama nje ya jengo letu kila asubuhi na mabango ya kulipinga, na mimi ndiye ninayetoa takataka nje. Aliniambia hivi: mama, benki haikopeshi mradi wa namna hiyo kama hauna bima. Na bima inatoka hapa. Kampuni yako ikikataa, hakuna mkopo, na bila mkopo hakuna trekta litakalopanda kule. Nikamuuliza kama kampuni inajua kuna watu. Akasema kampuni yenyewe imeahidi hadharani kuwa haitoi bima kwa mradi unaopita kwenye makazi ya wenyeji bila ridhaa yao, ila imeambiwa na wataalamu wake kwamba pale hakuna makazi. Ni pori tupu. Nilirudi ndani na ndoo yangu, nikamtazama wifi akiwavika watu beji, nikasema, pori tupu limezaa hiki kichwa kigumu?

Nikicheka hivi usidhani nilikuwa nacheka. Niliogopa. Msimamizi wa ofisi, ambaye sisi wa chini tulimwita Tai kwa sababu tai yake ilikuwa haifiki kitovuni, alitukusanya akatuonya. Mfanyakazi yeyote atakayeonekana na wale wa nje, au atakayegundulika ana uhusiano nao, kazi hana. Alivyosema hivyo sikuthubutu kumtazama wifi. Kaka yangu kazi za mafriji huzipata siku za joto tu, na watoto wao wanasoma. Mshahara wa mapokezi ndio uliokuwa nyumba.

Jioni ile niliwapitia kwao. Nikamkuta wifi anaongea na mama yake kwenye simu, amegeukia ukuta. Alikuwa anamsihi asije mjini. Alimwambia kuna watu wa kuyasemea mambo hayo, kuna wanasheria, kuna vijana, yeye magoti yanamuuma, akae. Sauti ya mama ilisikika mpaka kwenye kiti nilichokalia, haikuwa na haraka. "Kwani nimesema nakuja?" Wifi akakata simu, akasema mama yake akiuliza hivyo ujue ameshapanga nguo. Kaka akajaribu kuleta utani wake. Safari hiyo hatukucheka.

Siku ya kutia saini mkataba wa bima ilijulikana kwa sababu tuliambiwa tupige deki mara mbili na tupanguse majani ya ua la plastiki. Watu wa bomba walikuwa waje mchana. Asubuhi mlango ukafunguka, wakaingia wamama wanne, nguo zimepigwa pasi, wakajifuta viatu kwenye zulia la mlangoni mmoja baada ya mwingine bila kuharakishwa na mtu. Wa mbele alikuwa mama yake wifi.

Mimi nilikuwa nimeinama na deki, nikabaki nimeinama. Mama alinipitishia macho kama vile mimi ni ukuta. Tulikaa pamoja jikoni harusi ya kaka tukamenya vitunguu mpaka tukalia, leo hanijui. Nikaelewa. Hakufikia kwa mwanawe, hakumpigia simu kumwambia amefika, na hapa hakutaka kumjua mtu, ili mtu asije akapoteza kazi.

Wifi alisimama. Akasema, "Karibuni mama. Mna miadi?"

"Tumekuja kumwona mkurugenzi, mwanangu. Tutamsubiri."

Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kila mama mtu mzima huongea hivyo na binti wa mapokezi. Wifi akampigia katibu wa mkurugenzi, akasema kuna wamama wanne wa makamo wanamhitaji bosi. Hapa ndipo kampuni ilipojikwaa kwa mguu wake yenyewe. Kila mwaka huwa wanawapa wajane mablanketi na kupiga nao picha za kubandika ukutani. Katibu kusikia wamama wanne, akasema aa, hao wa mablanketi, mbona wamewahi, wavike beji wakae, mpiga picha anakuja. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. Wifi angeweza kumsahihisha. Akasema, sawa dada.

Akawavika beji nyekundu mmoja mmoja. Alipofika kwa mama yake vidole vilikataa kufunga kibanio, akarudia, akarudia tena, na mama akasimama wima akitazama mbele. Kisha wakaenda kukaa kwenye masofa.

Kusubiri kule sikuombei. Mama alikaa mkabala kabisa na meza ya mwanawe, mikono juu ya pochi. Wifi akawa anapokea simu, anaandika, anafungua kigeti, anafunga, na kila akiinua uso anamkuta mama yake. Nami nikapiga deki palepale nilipopiga mwanzo, mpaka sakafu ikawa inateleza. Nilikuwa naomba mkurugenzi ashuke haraka waongee yaishe, na hapohapo naomba asishuke kabisa.

Kisha vijana wa nje wakainua mabango yote kwa pamoja, na waandishi wa habari wakasogeza kamera kwenye kioo changu nilichotoka kukifuta. Tai akashuka mbio. Aliwauliza wale wamama wametumwa na nani. Mama yake wifi akamjibu kwa adabu kwamba hawakutumwa, wanatoka kule ambako bomba litapita, na wangependa kumwona mkurugenzi kabla hajatia saini. Tai akacheka, akapandisha sauti ili kamera zisikie hadi nje. Akasema kule hakuna watu, imeshathibitishwa na wataalamu. Akasema hawa ni wa kukodi, wamechukuliwa sokoni wakavalishwa. Akamwambia mlinzi awatoe.

Mlinzi ni yuleyule aliyemuaga yule mwizi wa kompyuta, na aliponea chupuchupu kufukuzwa. Akasema, bosi, beji hazina saini. Tai akamwambia aache upuuzi. Mlinzi akasema sheria ni ya mkurugenzi na yeye ana watoto. Basi Tai akaenda mwenyewe, akamshika mama kiwiko, akamvuta. Mama aliinuka nusu, goti likakataa, akarudi kwenye sofa kwa kishindo, na mtandio ukamwanguka begani.

Wifi alikuwa ameshasimama.

"Muachie."

Tai akageuka. Akamuuliza anaongea na nani.

"Naongea na wewe. Muachie, ni mama yangu."

"Hapa kila mtu mzima anaitwa mama, Bi Beji. Kaa chini."

"Huyu kanizaa."

Pale mapokezi hata simu nadhani iliona aibu kulia. Tai akamwachia mama kiwiko taratibu. Akamuuliza wifi kama anajua anachokisema, kama anakumbuka walichoambiwa. Wifi alivua kitambulisho chake cha kazi shingoni, akakiweka mezani, akainyoosha kamba yake vizuri kama anavyonyoosha kila kitu. Akachukua beji nyekundu. Akaandika mahali pa mwenyeji: mkurugenzi. Akajivika, safari hii kibanio kikafunga mara moja, akazunguka meza, akaenda kukaa kwenye sofa kando ya mama yake na kumrudishia mtandio begani. Mama akasogea kumpa nafasi.

Nilifikiria watoto, nilifikiria kaka, nikasema huyu mwanamke ametumaliza. Na hapohapo nilijisikia kutaka kupiga vigelegele. Nikashika mpini wa deki kwa nguvu ili nisifanye lolote.

Haukupita muda magari ya watu wa bomba yakafika. Wakaja hadi kigetini na mikoba yao, wakasimama, maana nyuma ya meza hakukuwa na mtu. Mlinzi hawezi kutoa beji. Bila beji hakuna kuingia. Kamera zikawageukia. Tai akaangaza huku na huku, jasho linamtoka, macho yakaniangukia mimi. Akaniambia nikae mezani nibonyeze hicho kitufe.

Kitufe kile nakifuta vumbi kila siku ya Mungu. Nakijua kama ninavyokijua kitanda changu. Nikamwambia, "Bosi, mimi ni wa deki. Mitambo hiyo siiwezi, nisije nikaharibu." Akanitazama. Nikajifanya hamnazo, nikachovya deki.

Ndipo mkurugenzi akashuka mwenyewe, miwani kapandisha kwenye paji la uso, anauliza kwa nini wageni wake wanasimamishwa mlangoni na Bi Beji yuko wapi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alipotoka kwenye lifti wale wamama wote walisimama, mama yake wifi wa mwisho kwa sababu ya goti, mwanawe akimshika mkono.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba hatupo?" mama akamuuliza.

Mkurugenzi si mtu mbaya wa kutisha, ndiyo shida yenyewe. Ni mtu nadhifu, anasalimia. Akasema, "Mama, mimi sikuandika. Wataalamu walikwenda wakaona."

"Walikuja kiangazi. Kiangazi tunapandisha mbuzi juu, nyumba tunazifunga. Wewe ukifunga ofisi yako ukaenda likizo, inakuwa pori?"

Watu wa bomba walikuwa wanamtazama kutoka upande mmoja na kamera kutoka upande mwingine. Mama akasogea hatua moja, akasema polepole, "Basi hukuandika, lakini uliamini. Haya, nimekuja. Nitazame vizuri, halafu upande juu ukatie saini."

Alimtazama. Nakuapia alimtazama, hakuwa na pa kupeleka macho. Kisha akamwona aliyemshika mama mkono, akaona beji nyekundu kifuani. Akamuuliza wifi anafanya nini pale.

"Mimi nimezaliwa hapo ambapo hakuna mtu," wifi akasema. "Baba yangu kazikwa hapo. Nimekaa mlangoni kwako muda wote huu, na kila asubuhi umenisalimia kwa jina."

Sikuwahi kumsikia wifi akiongea maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Mkurugenzi akashusha miwani, akaipandisha tena. Akaenda kigetini, akaongea na watu wa bomba kwa sauti ya chini. Nilichoambulia ni kwamba leo haiwezekani. Mmoja wao alianza kubisha, mkurugenzi akarudia: leo hapana. Wakageuka na mikoba yao wakarudi kwenye magari.

Mlinzi, maskini, alikuwa bado amesimama mlangoni kwa sheria zake. Mkurugenzi akatoa kalamu, akaanza kutia saini beji. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya mama. Akafika kwa wifi, kalamu ikasita hewani. Akamwambia kwa upole kabisa kwamba akimtia saini hiyo, atatoka kwenye jengo kama mgeni, na yeye hatakuwa na namna ya kumtetea kwa walio juu yake.

"Najua," wifi akasema. "Sheria zako nazijua."

Akatia saini. Wifi akaisoma ile saini kama ilivyo kawaida yake, akaona iko sawa, akamkabidhi mlinzi beji zote tano. Sasa mama ndiye aliyemshika mwanawe mkono, hadharani.

"Twende nyumbani, mwanangu."

Wakatoka. Kigeti nilikifungua mimi. Tai aliniona nikibonyeza kitufe.

Usije ukadhani kampuni iliingiwa na huruma ghafla. Waliona kamera, wakaona wateja wanauliza maswali, wakatuma watu wengine kule juu, safari hii wakati wa mvua, wakakuta moshi unatoka kwenye kila paa na mbwa wakawafukuza. Baadaye wakatangaza kwamba hawatatoa bima kwa bomba lile. Binti wa mabango alinikumbatia nje na takataka zangu mkononi. Wifi aliachishwa kazi kwa sababu ya kuacha kituo chake bila ruhusa, na Tai ndiye aliyepeleka habari. Nyumba ya kaka iliyumba. Tuliyumba wote, ulikuwa mwezi wa chai kavu, na kaka alijifunza kutengeneza mashine za kufulia. Mimi bado napiga deki palepale. Mfagiaji haonekani, hiyo ndiyo faida yake pekee.

Na watu wa bomba hawakulala. Walikwenda kubisha hodi kwa kampuni nyingine ya bima, ng'ambo ya mji. Wifi alipompigia mama yake kumwambia, mama hakulia wala kulaani. Aliuliza tu kama hao wengine nao wana viti vya kukalia.

Safari hii alifikia kwa mwanawe, akalala chumba cha watoto. Asubuhi nikaomba ruhusa kazini, nikasema naumwa tumbo, tukaenda. Mapokezi yao ni madogo kuliko yetu na sakafu yao, sitaki kusengenya, haijui deki. Nyuma ya meza alikaa binti mdogo mwenye kucha za rangi. Akatuuliza kama tuna miadi. Wifi yangu akamsalimia vizuri, akamwambia tumekuja kumwona mkurugenzi, atuandikie beji moja moja bila haraka, na jina la mwenyeji aliandike lote. Binti akaanza kuandika. Ilipofika zamu yangu nikasogea mbele.